Betri ya sola inazima saa mbili usiku: tatizo ni betri au paneli?

Muulizaji: Wakuu, habari za jioni. Hapa kuna paneli moja ya wati 100, kontrola (kidhibiti chaji) ya ampea 10, betri ya maji N100 (ya ampea-saa kama 100) na inveta ya wati 500. Mzigo ni taa nne za wati 5, TV ya inchi 24 na king'amuzi. Awali ilifika saa nne usiku bila shida, sasa saa mbili tu inveta inapiga kelele na kuzima. Fundi anasema betri mpya. Nimsikilize?

Jibu 1: Mkuu, usitoe hela kabla ya kupima. Chukua mita, alfajiri kabla jua halijagusa paneli, zima kila kitu, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 11.9 imekwisha. Pima tena saa saba mchana. Kama jua ni kali na haifiki hata 14, chaji haiingii vya kutosha. Ikiwahi kupanda 14.4 asubuhi na mapema halafu usiku inaporomoka ukiwasha TV tu, hapo fundi yuko sahihi: sahani za ndani zimeshika salfeti (ukoko mgumu), hazibebi chaji tena.

Fungua na vifuniko vyote sita. Maji yafunike sahani kwa kama sentimita moja. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, si ya bomba wala kisima, maana chumvi zake zinaua sahani. Asidi usiongeze kabisa. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki. Na tafadhali usimulike kwa kiberiti, gesi ya betri inalipuka.

Jibu 2: Hesabu nayo inabana. Paneli ya wati 100 ikishapata joto hutoa kama 75. Kwa saa tano za jua zuri ni wati-saa 375. TV wati 30, king'amuzi 12, taa 20, inveta yenyewe inakula kama 10. Hiyo ni 72 kila saa, saa tano ni 360. Hakuna akiba ya siku ya mawingu! Tumia taa za volti 12 uziunge moja kwa moja, zisipite kwenye inveta.

Muulizaji: Shukrani sana. Alfajiri 11.9, mchana 13.3. Maji yapo, yamepungua kidogo tu. Kuna tawi la mwembe linatia kivuli kona ya paneli kuanzia saa sita.

Jibu 1: Basi anza na tawi. Seli zimeungwa mfululizo, kona moja ikifunikwa chaji inaanguka vibaya. Kata tawi, futa vumbi asubuhi paneli ikiwa ya baridi, na kaza vichwa vya betri. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vichwa hivyo, uoshe kwa maji ya magadi ukiwa umevua nyaya. Ukifungua mfumo, toa paneli kwanza ndipo betri. Ukirudisha, betri kwanza. Siku tatu usiwashe TV ili ijae kweli, ndipo upime upya alfajiri.

Jibu 3: Na kama kontrola ina chaguo la aina ya betri, hakikisha haiko kwenye jeli (betri ambayo asidi yake imegandishwa). Betri ya maji inataka 14.4 na zaidi, jeli huishia kama 14.1, kwa hiyo ya maji haijai vizuri. Ikibidi kununua, N100 nyingi ni za kuwashia gari, hazivumilii kukamuliwa kila usiku. Ulizia ya sola yenyewe.