Kodi ya kiwango kimoja au kodi ya madaraja: ipi ina haki?

Mizani
Wakuu, mjadala wa mageuzi ya kodi kila mara unakwamia hapa. Upande mmoja: haki ni kila mtu kukatwa asilimia ileile. Upande wa pili: mwenye nguvu abebe zaidi, yaani kipato kigawanywe madaraja na asilimia ipande kila daraja. Anayejua anioneshe kwa hesabu, tofauti iko wapi hasa?

Daftari_Wazi
Mkuu, usihesabu viwango. Tazama kwanza kiasi kisichotozwa kodi.

Tuseme kiwango ni kimoja, asilimia 20, na 100 za mwanzo haziguswi. Mwenye kipato cha 100 halipi kitu. Wa 200 analipa 20, ambayo ni asilimia 10 ya kipato chake. Wa 1,000 analipa 180, asilimia 18. Kiwango hakijabadilika, lakini mzigo umepanda pamoja na kipato. Sasa futa ile 100: wa 200 atalipa 40, mara mbili ya mwanzo, ilhali wa 1,000 ameongezewa 20 tu juu ya 180. Wote wameongezewa 20, ila hawakuumia sawa. Dhuluma hupitia hapo, huku watu wakibishana juu ya asilimia.

Hata nchi zilizochagua kiwango kimoja zilikuja kuongeza daraja. Urusi ilianza na asilimia 13 kwa wote mwaka 2001, na mwaka 2021 ikaweka 15 kwa sehemu inayozidi rubo milioni 5. Slovakia iliweka 19 mwaka 2004, ikaongeza daraja la 25 mwaka 2013.

Ukingo
Naongezea kosa linalorudiwa sana: eti ukiingia daraja la juu mshahara wako unapungua. Sivyo, ikiwa kiwango kipya kinatozwa ile ziada peke yake. Asilimia 10 hadi 500, na 30 kwa kinachozidi: wa 501 analipa 50.30.

Ila zipo sheria zilizoandikwa vibaya kweli. Kodi ya madirisha ya Uingereza, kuanzia 1747, ilitoza peni 6 kwa kila dirisha kwa nyumba yenye madirisha 10 hadi 14, na peni 9 kwa yenye 15 hadi 19, tena kwa madirisha yote. Mwenye 14 alilipa peni 84, mwenye 15 akalipa 135. Dirisha moja, peni 51! Watu wakaziba madirisha kwa matofali, wakaishi bila mwanga wala hewa. Kodi hiyo ilifutwa 1851.

Mizani
Nimeelewa. Sasa nikishika muswada mkononi, nianzie wapi?

Daftari_Wazi
Chora jedwali la vipato vitatu au vinne, weka kodi ya sasa na ile inayopendekezwa, kisha gawanya kila kodi kwa kipato. Usiishie kwenye mshahara. Muswada ukipunguza kodi ya mapato na kupandisha kodi ya matumizi, hesabu na hiyo: kwa asilimia 15, mwenye 200 anayezitumia zote anatoa 30, mwenye 1,000 anayeweka akiba 400 anatoa 90, asilimia 9 tu ya kipato.

Halafu uliza kama madaraja yanasogezwa kufuata mfumuko wa bei. Yakiganda, mishahara ikipanda kufuata bei tu, watu wanasukumwa daraja la juu bila Bunge kupiga kura. Marekani ilipitisha sheria ya kulizuia hilo 1981, ikaanza kutumika 1985.

Ukingo
Na misamaha, tafadhali. Mageuzi ya Marekani ya 1986 yalishusha kiwango cha juu kutoka 50 hadi 28, lakini yakaziba mianya na kutoza faida ya mtaji (ile ya kuuza mali kama hisa au nyumba) sawa na mshahara. Mfano wa zamani zaidi: mwaka 1803 waziri mkuu Addington aliitoza Uingereza kodi ya mapato ya asilimia 5, nusu ya ile ya mtangulizi wake Pitt ya 1799, akakusanya karibu kiasi kilekile, kwa sababu kodi ilikatwa kwenye chanzo kabla pesa haijamfikia mwenyewe. Kwa hiyo kwenye jedwali lako ongeza safu moja: nani anakatwa kabla ya kupokea, na nani anajitangazia kipato chake mwenyewe.