Masta ya uhandisi wa vifaa tiba: niko Mombasa na digrii ya umeme, nianzie wapi na tasnifu ipime nini?

Kijana_wa_Changamwe

Asalaam aleikum wenzangu. Nina digrii ya uhandisi wa umeme na elektroniki, wastani wa 66. Nataka kusoma masta ya uhandisi wa vifaa tiba na nautazama Ujerumani, kwa kuwa vyuo vingi vya serikali huko havitozi karo. Naomba mnisaidie kwa matatu. Digrii ya umeme isiyo na anatomia itakubaliwa? Huo wastani wao wanauhesabu vipi? Na la tatu ni tasnifu: nimewaza kifaa cha kupachika kwenye konsentreta ya oksijeni (mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani kwa ajili ya mgonjwa), kipime usafi wa oksijeni kwa sensa ya altrasoniki na kutuma ujumbe kwenye simu usafi ukishuka. Wazo hili linafika kiwango cha masta? Data ningependa kuikusanya hapa hapa Mombasa.

BiTudor

Waaleikum salaam mdogo wangu. Nianze na wastani, maana ndio unaowaangusha wengi kabla faili zao hazijasomwa.

Wajerumani wana kanuni yao: unachukua alama ya juu kabisa, unatoa yako, unagawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, halafu unaongeza 1. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita. Ukiweka 100 juu na 40 chini, 66 yako inatoka 2.7. Masomo mengi yenye ushindani hufunga mlango kwenye 2.5, na 2.5 kwa hesabu hiyo ni 70 kamili, yaani daraja la kwanza la kwetu. Kwa hivyo usitupe pesa kuomba kila mahali. Soma kanuni za udahili za kila chuo, tenga vile vinavyokataa moja kwa moja alama dhaifu kuliko 2.5, ubaki na vile vinavyotoa pointi kwa masomo uliyosoma, barua ya nia au kazi uliyofanya. Maombi yanayopitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo vingi vya huko, ni yuro 75 kwa la kwanza na yuro 30 kwa kila jingine la muhula huo huo, na ukikataliwa hazirudi.

Umeme unakubaliwa sehemu nyingi. Wanachohesabu ni mikopo (krediti, yaani vizio vya ukubwa wa somo, si deni) ya hisabati, fizikia, elektroniki na mawimbi. Hapa transkripti ya Kenya inakuponza kwa sababu inaonyesha jina la somo na alama tu. Mkopo mmoja wa Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: darasa, maabara na kujisomea. Somo la saa 45 za darasani likiachwa hivyo hivyo linaonekana dogo kuliko lilivyo. Tengeneza kijitabu cha masomo: kila somo nusu ukurasa, mada zake, saa za darasa, saa za maabara, saa za kujisomea, jinsi lilivyotahiniwa. Kipeleke idarani kipigwe muhuri. Hiyo ni kazi ya wiki mbili tatu, na muhuri wenyewe unaweza kuchukua mwezi, kwa hivyo usingoje tangazo la nafasi litoke.

Anatomia na fiziolojia ukikosa, vyuo vingine hukupa masomo ya kuziba pengo mwaka wa kwanza. Anza sasa na moyo, mapafu na neva. Mhandisi asiyejua kwa nini oksijeni hushikamana na himoglobini hawezi kuitetea tasnifu ya konsentreta.

Jambo dogo lenye uzito: kama digrii yako ni ya Technical University of Mombasa, liandike jina lote kila mahali. Huko ukifupisha TUM wanaelewa chuo cha Munich. Na hicho cha Munich kiondoe kwenye hesabu ya karo ya bure, kwa sababu tangu muhula wa baridi wa 2024/25 kinawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya yuro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula wa masta. Jimbo la Baden-Württemberg nalo ni yuro 1,500 kwa muhula.

Kisha kuna akaunti ya viza, pesa inayofungiwa benki ukawa unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Karo ikiwa bure, hii haiwi bure, isipokuwa ufadhili wa masomo uichukulie nafasi yake.

Fundi_Oksijeni

Nijibu la tasnifu. Ndugu yangu, kifaa peke yake ni mradi wa diploma. Masta inataka swali ambalo jibu lake halijulikani kabla hujapima, na kifaa kiwe njia ya kulijibu.

Swali liko ndani ya mashine yenyewe. Konsentreta inavuta hewa ya chumba, oksijeni 21%, inaibana kwa kompresa na kuipitisha kwenye mitungi miwili ya zeolaiti (punje za madini yenye vitundu vidogo sana), inayopokezana kila sekunde chache. Zeolaiti inashika naitrojeni, oksijeni inapita. Lakini zeolaiti inapenda maji kuliko inavyopenda naitrojeni. Mvuke ukiingia unakalia nafasi za naitrojeni na hautoki kwa urahisi. Mashine inayofanya kazi hujisafisha kiasi kila mtungi unapopumua. Iliyozimwa na kuwekwa stoo haijisafishi, na unyevu wa Pwani unaipenyeza polepole. Ndiyo maana unakuta mashine ambayo haijatumika sana, mita yake ya saa bado iko chini, ikiwashwa inatoa oksijeni 70%. Kipimo cha kuiita mbovu ni chini ya 82%.

Basi swali lako liwe hili: konsentreta iliyokaa imezimwa wiki 8 kwenye chumba kisicho na AC inapoteza pointi ngapi za asilimia za usafi, na kuiwasha dakika 30 kila wiki kunaokoa ngapi? Chukua mashine 8 za lita 5, nne kila upande. Umri wao utatofautiana, kwa hivyo pima kila moja mwanzoni na uilinganishe na nafsi yake, usilinganishe mashine na mashine. Pima kwa lita 1, 3 na 5 kwa dakika, na kila unapobadilisha mtiririko subiri angalau dakika 10 kabla ya kuandika. Zeolaiti iliyochoka hujificha kwenye lita 1 na kufichuka kwenye lita 5.

Sasa hiyo sensa yako. Altrasoniki haipimi oksijeni, inapima kasi ya sauti. Kwa nyuzi 27 sauti inakwenda mita 347 kwa sekunde hewani na kama 330 kwenye oksijeni tupu, kwa kuwa molekuli ya oksijeni ni nzito kuliko ya naitrojeni. Mita 17 zimegawanywa kwa pointi 79 (kutoka 21% ya hewa hadi 100%), yaani kila pointi ya oksijeni ni mita 0.2 tu. Nyuzi moja ya joto inabadilisha kasi kwa zaidi ya nusu mita. Kosea joto kwa nyuzi 1 na umekosea oksijeni kwa pointi 2 na nusu. Kipimajoto kikae ndani ya mkondo wa gesi. Ukikigundisha kwenye boksi, kompresa ikichemka data yako imekwisha.

Mvuke ni mbaya zaidi. Maji ni mepesi, yanaharakisha sauti, na sensa inasoma oksijeni ndogo kuliko iliyopo. Ukiiweka baada ya chupa ya maji ya kulainisha gesi, kosa linapita pointi 10. Iweke kati ya tundu la kutolea na chupa, mahali gesi bado kavu. Na aragoni, gesi nyingine iliyomo hewani, haichujwi, inafika karibu 5% ya gesi inayotoka, kwa hiyo usikalibreti kwa hewa na oksijeni ya silinda pekee. Tafuta gesi ya kulinganishia iliyo na aragoni, au weka sensa ya kielektrokemia, inayopima oksijeni yenyewe kwa kemikali, pembeni iwe shahidi.

Usifungue kasha la mashine. Tumia betri yako mwenyewe ili usiguse usalama wa umeme wa mashine. Viungo vya mpira vizibwe kwa tepu ya PTFE (ile nyeupe ya mafundi bomba), grisi wala Vaseline isikaribie: mafuta na oksijeni ya 90% ni moto.

Kijana_wa_Changamwe

Shukran sana, nyote wawili. Maswali mawili ya mwisho. Tasnifu huko ni miezi sita, itaingiaje na ruhusa za Kenya? Na nikichukua kipimo kimoja kila sekunde 10 inatosha?

BiTudor

Ukianza Oktoba, masta ya mihula minne inakufikisha muhula wa nne Aprili, na masika ya Aprili na Mei ndiyo msimu unaoutaka kwa unyevu. Wiki zako 8 zinaingia humo kama karatasi ziko tayari. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba kabla yake, ukiwa muhula wa tatu, uwe na msimamizi wa pili katika chuo cha hapa, barua ya hospitali inayokuazima mashine, na ombi la leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Hakuna mgonjwa kwenye jaribio lako, hilo linakuokolea miezi, lakini omba kamati ya maadili ikuandikie kwamba haihitaji kulipitia. Bila barua hiyo mtu mmoja hospitalini anaweza kuusimamisha utafiti kwa swali moja tu.

Uchambuzi pia upange mapema. Usilete korelesheni (kipimo cha jinsi namba mbili zinavyopanda na kushuka pamoja, 1 ikiwa kamili) ya 0.99 ukasema sensa yako inakubaliana na ile ya shahidi. Sensa inayosoma pointi 6 juu kila mara nayo inapata 0.99. Chora mchoro wa Bland na Altman, wa tangu 1986: wastani wa vipimo viwili chini, tofauti yao pembeni, uonyeshe upotovu (wastani wa tofauti hizo) na mipaka yake.

Fundi_Oksijeni

Sekunde 10 usithubutu. Usafi unapanda na kushuka kila mitungi inapopokezana. Mzunguko ukiwa wa sekunde 10, utakuwa unapima kilele kile kile siku nzima, au bonde lile lile, na grafu itanyooka vizuri huku ikikudanganya. Pima mara 2 kwa sekunde, uhifadhi wastani wa kila dakika pamoja na cha juu na cha chini. Hiyo ni mistari 1,440 kwa siku kwa mashine moja, kadi ndogo ya kumbukumbu inabeba bila shida.

Weka saa yenye betri yake kwenye kifaa. Stima ikipotea, saa ya chipu inayotegemea intaneti inarudi 1970 na hutajua tena mashine ilizimwa lini, na muda wa kuzimwa ndio unaoupima. Rekodi pia joto na unyevu wa chumba, volti ya ukutani, na tarehe ya kila kichujio kilipooshwa. Kichujio kilichojaa vumbi kinashusha usafi vile vile kama zeolaiti iliyolowa, na usipokiandika hutaweza kuvitenganisha.

Ukipata mashine, leta hapa vipimo vya mwanzo vya lita 5 kabla hujazizima, tuone zipi zinafaa kubaki kwenye jaribio.