Naomba ushauri: zawadi ndogondogo za kuleta Mtwara kutoka Istanbul

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nasafiri kwenda Istanbul, Uturuki, na hela ya zawadi niliyonayo ni ndogo. Nyumbani Mikindani watu ni wengi: bibi, mashangazi, majirani, watoto wa mtaani. Natamani kwa dhati kila mmoja apate chake, hata kiwe kidogo.

Kuna zile shanga za kioo za buluu zenye jicho, ambazo Waturuki hutundika mlangoni kukinga kijicho. Ni nyepesi na nzuri, ila bibi yangu ni mtu wa dini sana, hawezi kuzikubali. Yeye nadhani tasbihi itamfaa zaidi. Watoto nataka niwaletee lokum, vipande laini kama halua vilivyogaragazwa kwenye unga wa sukari. Je, vitafika bila kugandana kwa joto letu hili?

Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa, hufungwa Jumapili, na nasikia bei zake ni za watalii. Mliowahi kufika, wenyeji wenyewe hununua wapi? Upande wa Eminönü kuna unafuu? Na kupatana bei mnaanzia wapi, nusu au chini zaidi?