Mama yuko siku ya tatu ya warfarini, INR haipandi. Au dawa haifyonzwi?

Binti wa Mama:
Wakuu, naombeni ushauri. Mama alikutwa damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Ameanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 5 kila jioni, na sindano za tumboni. Leo INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ni 1.2, wakati tumeambiwa ifike kati ya 2 na 3. Kaka anataka tumwongezee kidonge kimoja. Mimi naogopa.

Mfamasia wa Zamu:
Pole sana dada. Kidonge msiongeze, nakuomba. Warfarini hufyonzwa karibu yote utumboni, na kwa kawaida ndani ya saa 4 hivi kiwango chake kwenye damu kimeshafika juu kabisa. Ila haizigusi protini za kugandisha ambazo tayari zinazunguka mwilini. Inachofanya ni kulizuia ini lisitumie vitamini K kutengeneza nyingine mpya zenye nguvu. Za zamani inabidi ziishe zenyewe, na protrombini ndiyo king'ang'anizi: inachukua siku 2 hadi 3 kupungua nusu tu. Kwa hiyo 1.2 siku ya tatu si ajabu. Hizo sindano ndizo zinazomlinda kwa sasa, asiziache mpaka daktari aseme.

Mgonjwa Mzoefu:
Nakazia. Kuingia ni haraka, kutoka ndiko kuna kazi. Nusu ya warfarini huchukua kama saa 40 kutoka mwilini, na ini ndilo linaloivunjavunja. Mwaka jana nilimeza metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, bila kuwaambia kliniki. Siku ya tano napiga mswaki, sinki likawa jekundu. INR 6! Ile dawa ilikuwa imekibana kimeng'enya kinachovunja warfarini. Mama anatumia dawa nyingine yoyote?

Binti wa Mama:
Jamani. Yuko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Sijui kama daktari wa mguu aliambiwa.

Mfamasia wa Zamu:
Mpigie leo hii, usingoje kesho. Kwenye hizo kuna rifampisini, nayo hulifanya ini liivunje warfarini kwa kasi kubwa. Huenda akahitaji dozi kubwa zaidi, lakini apandishe daktari kwa kufuata vipimo. Na asiache dawa za TB! Siku atakapozimaliza, ini litarudi taratibu kwenye mwendo wake, kwa wiki kadhaa. Dozi ikibaki ileile ataanza kuvuja damu, kwa hiyo vipimo vya karibu karibu wakati huo.

Binti wa Mama:
Nimempigia. Alikuwa hajui. Anataka tuende kesho asubuhi na dawa zake zote mkononi.