Kamati za ndondo: mnakula viingilio, watoto wa watu wakivunjika miguu mnasema "mlisaini fomu"

Wakuu salama? Naandika hapa maana kwenye grupu la WhatsApp la mashindano nimeshatolewa, na kosa langu ni kuuliza hela ya matibabu ya dogo wetu inatoka wapi. Admini hakujibu, kanitoa. Haya, nauliza hapa sasa.

Hawa jamaa wanaoandaa ndondo, yaani mashindano ya mpira wa mtaani, huku kwetu Mbagala (siwataji, wanajijua na najua humu wamo) kila timu inalipa kiingilio laki mbili, timu ziko 16, piga hesabu mwenyewe. Hapo bado mdhamini aliyejaza mabango, bado mama ntilie na wauza maji wanaotozwa hela ya kukaa pembeni, bado siku ya mechi kubwa wanazungusha kamba wanakusanya buku buku. MC yupo, jenereta lipo, turubai la mgeni rasmi lipo na maji yake ya baridi mezani. Machela hakuna. Boksi la huduma ya kwanza hakuna. Hata bandeji, ile bandeji ya kawaida ya duka la dawa, hakuna! Anayeitwa "dokta wa mashindano" ni jamaa mwenye ndoo ya barafu na dawa ya kupuliza, ukimuuliza kasomea wapi anakwambia aliwahi kukaa benchi la timu ya daraja la pili.

Jumapili sasa. Dogo ni winga wetu, kidato cha tatu, hata 18 hajafika. Kaondoka na mpira upande wa mtaroni, beki wao, njemba la mamluki lililokodiwa huko linakojua lenyewe, likaja miguu miwili juu na mpira ulishapita zamani. Ule mlio tuliusikia mpaka benchi. Ugoko, mifupa yote miwili, mkubwa na mwembamba, mguu umepinda pale katikati ambapo binadamu hana kiungo. Soksi ikashuka ndo nikaiona shingadi (kinga ya ugoko) aliyokuwa amevaa, kipande cha boksi la juisi kakikunja mara mbili kakibana na mpira wa kufungia hela, jasho limeshakilowesha kimekuwa laini kabisa. Huyo mtoto alikaguliwa na refa kabla ya mechi, refa akaona sawa tu.

Na refa akapeta! Mpira ukaendelea wakuu, wenzake ndo wakautoa nje kwa makusudi. Sheria namba 4 ya mpira iko wazi, shingadi ni vazi la lazima. Namba 5 inamtaka refa asimamishe mchezo akiona mtu kaumia vibaya. Namba 12, rafu ya kuhatarisha usalama wa mwenzako ni nyekundu ya moja kwa moja, wala haina mjadala. Lile njemba likapewa ya njano, na hiyo yenyewe baada ya sisi kuvamia uwanja. Eti "alikuwa anaufuata mpira". Upi?!

Basi tukamzunguka dogo, nusu ya waliokuja wana simu juu wanarekodi, dokta wa ndoo kamwaga maji yake, na hapo akatokea mzee mmoja kwenye mashabiki, "hiyo imeteguka tu, nyoosheni", kainama kashika kisigino anaanza kuvuta. Dogo alipiga ukelele ambao mpaka leo mama yake hatujamsimulia. Nilimsukuma yule mzee akaanguka, na waliokuwepo wakanisema sina adabu kwa wakubwa. Jamani mfupa uliovunjika hauvutwi na shabiki! Zile ncha ni kali, zinakata nyama na mishipa ya damu humo ndani, na mvunjiko ambao ulikuwa bado uko ndani ya ngozi unaweza ukautoa nje kwa mikono yako, halafu uingie mchanga wa ule uwanja wetu ambao usiku mbuzi wanalala, hapo utakuja kuongelea usaha kwenye mfupa na oparesheni juu ya oparesheni. Mguu unaachwa ulivyo, unafungwa na ubao au hata boksi nene kuanzia juu ya goti mpaka chini ya kifundo, mgonjwa asipewe chakula wala soda maana huenda akaingia thieta, basi, mnamuwahisha. Haya mambo skauti wa shule ya msingi anayajua, kamati yenye mwenyekiti, katibu na mtunza hazina haiyajui.

Machela ikawa sisi wenyewe, wawili mikono, mmoja mapaja, na mwingine kashika mguu uliovunjika huku anakimbia. Dereva wa bajaji, Mungu ambariki popote alipo, ndo mtu pekee aliyefanya kitu cha maana siku ile, kaendesha taratibu anakwepa mashimo na hela kakataa. Huku nyuma tunamsikia MC kwenye spika, "winga kapata jeraha dogo, mpira unaendelea, burudani inaendelea".

Hospitali tuliyofika wakamfunga hogo (ile plasta ngumu) la nusu kushikilia, wakapiga eksirei, wakatuandikia rufaa. Huko mbele daktari kasema mifupa imepishana, haiwezi kuunga yenyewe ikanyooka, inatakiwa chuma kipitishwe ndani ya mfupa, na makadirio na kila kitu yamepita milioni mbili. Baba yake ni fundi viatu. Bima hana, na hiyo sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa bungeni 2023 kwa huyu dogo bado ni habari ya kwenye redio tu.

Nikampigia mwenyekiti. Kanijibu kwa upole kabisa, "ndugu yangu, mbona mlisaini fomu?" Ni kweli, kwenye ile fomu ya usajili chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa kamati haitahusika na majeraha yoyote yatakayotokea uwanjani. Kesho yake wakatuma mjumbe na elfu thelathini na boksi la juisi, wakapiga picha naye kitandani, wakaposti "kamati yamjulia hali mchezaji". Nilipoliona lile boksi la juisi nilitoka nje, ningemtukana mtu wodini.

Na msiniletee ile ya "hata Ulaya wanavunjika". Ndiyo, wanavunjika. Eduardo wa Arsenal Februari 2008 pale Birmingham mechi haijafika hata dakika tano mguu ukavunjika vibaya mno, lakini beki wao Martin Taylor alilambwa nyekundu palepale, mpira ukasimama, madaktari wakamhudumia uwanjani mpaka akatolewa kwa machela, na baada ya kama mwaka akarudi kucheza. Aaron Ramsey, naye wa Arsenal, 2010 ugenini kwa Stoke, ugoko hivihivi kama dogo wetu, Shawcross wa Stoke nyekundu, na mwaka huohuo haujaisha Ramsey karudi uwanjani. Petr Čech, kipa wa Chelsea, 2006 alipasuka fuvu kwa goti la mtu kwenye mechi na Reading, kocha wake Mourinho akawaka kweli kwamba gari la wagonjwa lilichelewa, na baada ya pale wenzetu wakabana taratibu, gari la wagonjwa kwa ajili ya wachezaji likawa linasubiri uwanjani. Eriksen wa Denmark kwenye Euro 2021 moyo ulisimama mbele ya dunia nzima, walikuwepo watu wa kumkandamiza kifua na mashine ya kuushtua moyo, leo yuko hai na karudi kucheza. Tofauti yetu na wao haiko kwenye kuumia, iko kwenye dakika kumi za kwanza baada ya kuumia. Na sisi somo tulishapata, Desemba 2016 Kaitaba, Bukoba, yule kijana wa timu ya vijana ya Mbao, Ismail Khalfan, alianguka uwanjani akafariki. Tulilia wiki nzima, tukaposti mishumaa, tukaendelea na ndondo bila hata bandeji.

Hapo naongelea mifupa tu ambayo angalau inaonekana. Magoti nani anayahesabu? Kila mtaa una fundi wake wa mpira, yule aliyekuwa anaitwa kwa jina la staa fulani wa Ulaya, leo anakaanga chipsi anachechemea. Goti lilizunguka siku moja, likalia tap, likavimba, akapakwa dawa ya kuchua na kuambiwa apumzike wiki, akarudi, likachomoka tena. Ile ligamenti ya katikati ya goti ikikatika yote haijishoni yenyewe hata uchue mpaka ngozi itoke, na kila likichomoka linatafuna vile virojorojo vya ndani. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na kipimo cha MRI atalipia na nini? Kamati ilishampigia makofi, imemaliza.

Sasa huku nyumbani bibi yake dogo anasema hela haipo basi apelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa. Mimi sidharau wazee, wapo watu wameungwa huko wanatembea. Ila nimeona pia vijiti vikikazwa mpaka damu haipiti, vidole vinakuwa vya baridi, ganzi, vinabadilika rangi, na mgonjwa akilia maumivu anaambiwa ndo dawa inafanya kazi. Nyama ikikosa damu masaa kama sita inaanza kufa, ukija hospitali baada ya siku kadhaa unakutana na habari ya msumeno. Bibi wa watu simlaumu hata kidogo, anatafuta penye unafuu. Nawalaumu waliokula milioni tatu na ushee za viingilio wakamuachia bibi huo uamuzi.

Laki moja moja kutoka kwenye kila kiingilio ikiwekwa pembeni, hiyo ni milioni na laki sita, inakodi nesi wa kweli wa mechi zote, machela unanunua, shingadi seti mbili za kuazimishana unanunua, na chenji inabaki ya atakayeumia. Zawadi ya bingwa ipunguzwe ng'ombe awe mbuzi, tutacheza tu, mbona tulikuwa tunacheza ligi za kuku.

UPDATE: Nimesoma komenti. Mnaosema "kila mtu anaingia uwanjani kwa hiari yake" naomba mnijibu, na kiingilio mnakusanya cha nini? Mnaosema nitaje jina la kamati, sitaji, familia haitaki ugomvi mtaani. Waliokuja inbox kuchangia ahsanteni sana, mama yake kawashukuru.

Wanasheria wa humu nawahitaji. Ile fomu dogo alisaini mwenyewe, mzazi hajaitwa wala hajaiona. Ninavyojua mimi Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mtu asiyefikisha utu uzima hana uwezo wa kuingia mkataba, sasa hiyo karatasi ina nguvu gani? Na hata angekuwa mtu mzima, mtu anaweza kweli kukwepa uzembe wake kwa mstari mmoja chini ya fomu? Na pa kuanzia ni wapi, afisa michezo wa wilaya, Baraza la Michezo, au mahakamani moja kwa moja?

Nijibuni haraka maana leo asubuhi wametuma barua, robo fainali ni Jumamosi, timu isipotokea inapigwa faini elfu hamsini.