Benki ya mbegu ya kijiji: tuanze na mahindi au na mboga?

MwanaIsimani

Wanajukwaa, salaam. Kikundi chetu cha akina mama, tarafa ya Isimani mkoani Iringa, kimepewa chumba na serikali ya kijiji kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za asili, na wengi wetu wanataka tuanze na mahindi kwa kuwa ndiyo chakula chetu. Mimi nasita. Mkoa huu unahesabiwa miongoni mwa ghala za taifa, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Kama mahindi peke yake yangetosha, tusingekuwa hapo. Naomba ushauri: tuhifadhi mbegu zipi kwanza, kwa njia gani, na je, ziada tunaruhusiwa kuiuza?

Ugani Mstaafu

Shaka yako ina msingi, binti yangu. Nimeona benki kadhaa zilizojaa mahindi mpaka mlangoni huku sahani ya mtoto ikibaki vilevile, yaani ugali mweupe na maharage yanayoonekana mara mojamoja. Kaeni na akina mama mwandike mboga zinazoliwa kila mwezi. Miezi ya kuanzia Agosti hadi mvua za Desemba itabaki karibu mitupu, na hiyo ndiyo itakayowaambia mbegu za kuanza nazo. Kwa Isimani ningeanza na kunde, ambayo hutoa majani kwanza na punje baadaye, kisha mgagani, mchicha na mnafu. Mahindi yana tatizo jingine: huchavushwa kwa upepo, kwa hiyo aina yenu ya asili ikipandwa jirani na shamba la mahindi chotara haitabaki ile ile, ilhali kunde na mnafu hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa.

Kuhusu kuhifadhi, adui mkubwa ni unyevu, na fukusi anafuata. Anikeni mbegu za mboga kivulini penye hewa, kisha wekeni kiasi kidogo pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo na kuitikisa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, mbegu bado ni mbichi. Zikikauka, jazeni chupa hadi juu na kuifunga kabisa, kwa sababu fukusi hawezi kuishi pasipo hewa. Mgagani usiupime uotaji mara tu baada ya kuvuna, kwa kuwa mbegu zake mpya hulala kwa miezi kadhaa, na nimeshuhudia watu wakizimwaga wakidhani zimekufa.

Kuuza ni jambo jingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu ya biashara ithibitishwe, na njia iliyowekwa kwa mkulima mdogo ni mbegu za daraja la kuazimiwa ubora (mzalishaji mwenyewe ndiye anayetamka ubora wake), ambazo lazima ziwe za aina iliyosajiliwa na zikaguliwe chini ya utaratibu wa TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu. Kwa hiyo msichanganye mkopo wa mbegu kati ya wanakikundi na biashara.

Mkulima wa Gilgil

Huku Kenya suala hilo lilifika mahakamani. Wakulima walipinga vifungu vya sheria ya mbegu vilivyowazuia kubadilishana na kuuza mbegu zao, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vinakiuka Katiba. Sheria zenu ni tofauti, kwa hiyo mfuateni Mzee hapo juu. Langu ni moja: anayekopa kikombe kimoja arudishe viwili, na iandikwe kwenye daftari nani alikopa nini, kwa kuwa benki nyingi hufa kwa kutorudishiwa kuliko kwa fukusi.

MwanaIsimani

Shikamoo Mzee, nawashukuru nyote. Je, viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa, navyo vinaweza kuingia katika benki? Watoto wanavipenda.

Ugani Mstaafu

Marahaba. Viazi lishe hupandwa kwa marando, yaani vipande vya mashina yake, na marando hayakai kwenye chupa. Mkivuna, chagueni viazi vidogo visivyo na majeraha wala dalili za fukusi, mvipange kwenye beseni kwa tabaka za mchanga mkavu, mlihifadhi ndani mahali penye ubaridi na kuvikagua mara kwa mara. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vipandeni kwenye kitanda kilichozama kidogo karibu na nyumba na kuvimwagilia, hata kwa maji yaliyosuuzia vyombo, mradi hayana sabuni nyingi. Marando yatakuwa tayari mvua ikianza. Na mnapompikia mtoto viazi hivyo au mboga za majani, tieni karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo, kwani vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Chai nayo mtoto asipewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma kufyonzwa.