Mjadala: Kilti iwekewe mfuko, au sporani inatosha?

Mwana wa Pangani

Wadau, salaam. Naleta hoja ambayo wengine mtaicheka, lakini mimi imenitesa Jumamosi nzima. Kilti, lile vazi la wanaume wa Uskoti lenye marinda nyuma, iwekewe mfuko au iachwe kama ilivyo?

Rafiki yangu wa kazini, Mskoti, alioa huko Perth, kwao Uskoti, akatutaka wote wa upande wa bwana harusi tuvae kilti. Nikakodi. Mimi mtu wa pwani, vazi la kujifunga kiunoni halinipi shida, kikoi nimekivaa tangu utoto. Shida ilianza nilipotaka kutia simu. Mkono ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto: sufu tupu. Kinachotumika ni sporani, ule mkoba unaoning'inia mbele chini ya kitovu. Simu yangu ikaingia nusu, kifuniko hakikufunga. Funguo za gari, pochi na miwani vyote vikaishia kwa mke wangu, na jioni nzima nikawa namfuata kama mtoto anayedai hela ya ubuyu. Zikaja dansi zao za kushikana mikono na kuzungushana, sporani ikanigonga pasipogongwa, mpaka mzee mmoja akanihurumia na kunionyesha kuisogeza ubavuni kabla ya kuingia uwanjani. Na nikashangaa: soksini mtu amechomeka kisu, hiyo ni sehemu ya vazi rasmi, lakini pa kuweka funguo hana!

Meza yetu ikagawanyika. Wazee wakasema kilti yenye mfuko si kilti tena, asili imepotea.

Hapo kwenye asili ndipo ninapowakatalia. Kilti ya kale, ile kubwa ya Wanyanda za Juu, watu wa milima ya kaskazini mwa Uskoti, ilikuwa kitambaa kirefu kimoja. Mtu anakikunja marinda, anajifunga mkanda, nusu ya juu inabaki huru: mvua ikinyesha anajifunika, jua likiwaka anaitupia begani. Akiwa na kitu cha kubeba, anachomeka pembe za ile nusu ya juu kiunoni, anapata mfuko kila upande. Sisi tuna jina la kitu hicho: kibindo. Ndicho hicho wanachokitaja watu wa michezo kila wiki wakisema timu imetia kibindoni pointi tatu.

Mwanzoni mwa karne ya 18 ile nusu ya juu ikaondolewa, ikabaki kilti ndogo tunayoijua. Kuna maelezo ya zamani yanayomtaja Thomas Rawlinson, Mwingereza mwenye tanuri la chuma, kwamba ndiye aliyeikata ili wafanyakazi wake wasisumbuke. Waskoti wengi hawapendi kuyasikia hayo na wanayapinga. Aliyekata awe yeyote, kibindo kilikwenda na kile kipande. Basi anayedai mfuko leo anadai alichopokonywa. Nipingeni.

Fundi wa Cherehani

Ndugu yangu, historia umeieleza vizuri, lakini umeisahau nguo yenyewe.

Kilti ya kushonwa hasa inakula yadi 8 za sufu, zaidi kidogo ya mita 7. Karibu zote zimeingia kwenye marinda ya nyuma. Kila rinda linapimwa ili mraba wa tartani, ule mchoro wa mistari ya rangi inayokatizana, ukikunjwa urudi vilevile, mtu akikutazama nyuma aone mchoro kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kabisa. Marinda yanashonewa toka kiunoni mpaka kwenye nyonga, kutoka hapo yanaachwa yacheze. Mbele ni vipande viwili bapa vinavyopishana.

Sasa niambie mfuko unauweka wapi. Ukiuweka kwenye marinda, ukitia simu rinda moja linavutwa, mengine yanapanuka, unatembea kama kuku aliyevunjika bawa. Ukiuweka mbele, kipande cha juu kinalegea na mistari inapinda. Mistari ya tartani haisamehe, hata mtu asiyejua kushona ataiona.

Sporani ilikuja kutatua hilo. Mzigo unabebwa na mkanda wake, kitambaa hakiguswi. Ila nikiri kitu kimoja: ule mkanda wenye cheni unakwaruza marinda kwa nyuma. Nimeshatengeneza nguo za namna hiyo, sufu imelika mstari mzima. Kwa vazi la kila siku mkanda wa ngozi mtupu ni salama zaidi.

Mgeni wa Seattle

Fundi, mbona mifuko ipo tayari? Hapa Seattle, Marekani, kuna kampuni ya Utilikilts, walianza mwaka 2000, kilti za kitambaa kigumu zenye mifuko mikubwa ubavuni kama suruali za mafundi umeme. Na msiseme ni mambo ya Wamarekani tu. Edinburgh kwenyewe yupo Howie Nicholsby, mtoto wa familia ya mafundi wa kilti, anashona za denimu, kile kitambaa cha jinzi, na za ngozi, na mifuko anaweka. Kama mwenye jadi anaweka, sisi tunamtetea nani?

Fundi wa Cherehani

Denimu haina mistari ya kupinda. Nilikuwa nasema sufu ya tartani.

Mama Zai

Mmenifurahisha sana. Mwanamume kakosa mfuko jioni moja, kafungua mjadala. Karibuni kwenye magauni. Mimi nina nguo ya sherehe ina kifuniko cha mfuko, vifungo viwili, ukifungua hakuna kitu, wameshona juu! Bibi yangu alifunga hela kwenye pindo la kanga miaka yote, na mwizi wa kuifungua ile fundo hajazaliwa.

Halafu Mwana wa Pangani, hujasema kama umemshukuru mkeo. Sporani yako halisi siku ile ilikuwa yeye.

Msomaji wa Kale

Nadhani mnawaonea wale wazee. Baada ya vita vya Culloden, Aprili 1746, ambapo jeshi la mfalme liliwashinda waasi wengi wao Wanyanda za Juu, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kupiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu. Mwanamume akikutwa na kilti, jela miezi 6. Akirudia, anapelekwa uhamishoni kwenye makoloni ya ng'ambo miaka 7. Walioruhusiwa ni wanajeshi wa mfalme. Sheria ile haikufutwa mpaka 1782. Mtu ambaye vazi lake liliwahi kuwa kosa la jinai, ukimwambia “hebu tupunguze hapa, tuongeze pale,” anasikia kitu kingine kabisa.

Hata hivyo nao wasizidishe. Sura rasmi ya vazi hili inadaiwa sana na ziara ya Mfalme George IV pale Edinburgh mwaka 1822, ziara iliyopangwa na Walter Scott mwandishi. Hapo mfalme wa upande uleule uliopiga marufuku alivaa kilti mwenyewe. Na sporani nayo ina kesi zake: zile za manyoya ya wanyama wanaolindwa, kama fisimaji, tangu 2007 sheria ya Uskoti inataka mwenye nayo awe na kibali. Mfuko wa kitambaa haujawahi kumdai mtu kibali.

Mwana wa Pangani

Mama Zai, nimeshukuru, na nimetozwa chakula cha jioni.

Msomaji wa Kale, hilo la miezi 6 jela sikuwa nalifahamu siku ile. Mzee wa meza yetu aliposema “asili” nilimjibu kwa mzaha, na sasa najuta kidogo. Lakini bado sibadili msimamo. Vazi walilofungwa watu kwa ajili yake lilishakatwa nusu kabla ya marufuku, na walilitetea hivyohivyo.

Mgeni wa Seattle, ile mifuko mikubwa ya ubavuni sitaitetea. Ukiijaza inakuwa begi lenye mtu ndani. Kwa kazi za mikono sawa, harusini hapana. Hapo nipo na fundi. Ninachotaka mimi ni mfuko mmoja usioonekana, ushonewe kwenye bitana, upande wa ndani wa kile kipande cha chini kinachofunikwa. Sporani ibaki mbele kama pambo na kama mkoba wa wale wenye simu ndogo.

Mwezi wa tano nina harusi nyingine, na safari hii nashonesha yangu. Fundi, bitana hiyo itabeba simu?

Fundi wa Cherehani

Bitana ya kilti ni pamba, inaishia kwenye nyonga, na kazi yake ni kushikilia umbo. Naweza kukushonea mfuko pale, upana wa vidole vinne, mdomo uangalie juu. Utaingia kadi, noti chache zilizokunjwa na funguo moja, siyo kishada.

Simu mpe mkeo.